Faji ya Biringanya Bovu: uchambuzi wa kisa cha virusi watatu waliosomwa jenomu kabla ya kuwa dawa

Mwaka 2010, Durban, Afrika Kusini, mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo ya jenetiki ya mykobakteria, jamii ya bakteria wakiwemo wa kifua kikuu, alichukua sampuli upande wa chini wa biringanya lililokuwa likioza. Ndani yake akapata faji, yaani kirusi kinachoua bakteria. Akakipa jina Muddy, jenomu yake, yaani DNA yake yote, ikasomwa, kichupa kikawekwa kwenye friza pamoja na maelfu ya wenzake. Miaka minane baadaye kirusi hicho kiliingizwa kwenye mshipa wa kijana wa miaka 15 huko London.

Kisa chenyewe kilichapishwa mwaka 2019 na wanasayansi pamoja na madaktari waliohusika. Hapa nimeacha jina la mgonjwa, la hospitali na la mwanafunzi. Majina ya faji nimeyabakiza, maana bila hayo somo linapotea. Wengi hukisimulia kama habari ya mgonjwa aliyeokolewa. Mimi nakifundisha kwa sababu nyingine: kinaonyesha kazi ya kutenga faji inapoishia na kazi ya kusoma jenomu inapoanzia, na kwamba ya kwanza bila ya pili isingemfikia mgonjwa yule.

Mgonjwa na bakteria wake

Kijana alizaliwa na saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makamasi ya mapafu yawe mazito na kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Kwa miaka minane alikuwa akitibiwa maambukizi ya Mycobacterium abscessus, binamu wa vimelea vya kifua kikuu, mkaidi kuliko hao kwa antibiotiki nyingi. Mapafu yake yalipochoka kabisa alipandikizwa mengine mawili.

Upandikizaji unakuja na mtego wake. Mwili usikatae mapafu mapya, mgonjwa hupewa dawa za kushusha kinga. Kinga ikishuka, bakteria aliyejibanza anafurahi. Antibiotiki zilisimamishwa kwa sababu ya madhara yake, na baada ya muda mfupi jeraha la upasuaji kifuani likaanza kuwa jekundu. Miezi ikapita, maambukizi yakafika kwenye ini na vinundu vikajitokeza kwenye ngozi. Dawa za hospitali zilikuwa zimefika mwisho. Inasemekana mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza madaktari kuhusu tiba ya faji, baada ya kuisoma mwenyewe.

Oktoba 2017 hospitali iliandika kwa maabara ya Graham Hatfull, Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Walikuwa na wagonjwa wawili wenye hali inayofanana, na aina mbili za bakteria: ya kijana wetu ikaitwa GD01, ya mwenzake GD02.

Hazina iliyokusanywa na wanafunzi

Kwa nini Pittsburgh? Kwa sababu tangu 2008 maabara ile, kwa kushirikiana na taasisi ya Howard Hughes, inaendesha programu ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo wanachukua udongo kutoka bustanini, mtoni, uani kwao, wanatafuta faji na kuipa jina wapendalo. Ndiyo maana majina ya faji hizi yanasikika kama ya paka wa nyumbani. Kufikia wakati wa barua ile kulikuwa na zaidi ya faji 10,000, na sehemu yake ya maana, kama 1,800 hivi, jenomu zao zilikuwa zimesomwa mwanzo hadi mwisho.

Namna ya kuzipata ni ya jiko zaidi kuliko ya hospitali. Unachukua udongo au mboga iliyooza, unalowesha kwenye bafa (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi), unatikisa, unaacha itulie, kisha unachuja kwa kichujio cha maikromita 0.22. Bakteria wanabaki juu, virusi wanapita. Maji yaliyopita unayachanganya na bakteria mwenyeji, ambaye hapa ni Mycobacterium smegmatis, mykobakteria asiye na madhara anayekua upesi. Unaongeza agari laini (utomvu unaoganda kama jeli) iliyoyeyuka, ya moto wa kuvumilika mkononi, unamwaga juu ya sahani ya petri na kuizungusha taratibu ili isambae kabla haijaganda.

Hapa kuna jambo dogo linalowaangusha wengi mara ya kwanza. M. smegmatis hupenda kushikamana madonge, hivyo tunamkuza na sabuni ya maabara iitwayo Tween ili atawanyike. Lakini Tween hiyohiyo inazuia faji isishike ukuta wa bakteria. Usipomhamishia kwenye chakula kisicho na Tween kabla ya kumkutanisha na faji, utakaa na sahani safi kabisa ukidhani udongo wako hauna kitu. Nimeona watu wakitupa sampuli nzuri kwa kosa hili. Kidogo cha kalsiamu nacho kinasaidia faji kushika.

Siku moja au mbili baadaye sahani inakuwa na zulia la bakteria lenye rangi ya maziwa, na ndani yake madoa. Kila doa lilianza na faji moja iliyoingia kwenye bakteria mmoja, ikazaliana, ikapasua, watoto wakaingia kwa majirani. Unagusa doa moja kwa ncha ya kijiti, unazimua, unamwaga tena. Unarudia mara tatu au zaidi hadi madoa yote yafanane. Asiye na subira akiruka hatua hii, atakuja kulia kwenye kompyuta, maana atakuwa amesoma jenomu za faji mbili akidhani ni moja.

Kabla hujaendelea, yaangalie madoa yenyewe. Mengine ni angavu kama kioo. Mengine yana ukungu katikati, kana kwamba kuna bakteria waliokataa kufa, na ni kweli walikataa. Ukungu ule utarudi tena katika kisa hiki.

Utafutaji: Oktoba 2017 hadi Januari 2018

Sampuli za GD01 na GD02 zilipofika, kazi ilikuwa kuzikutanisha na faji za kwenye friza. Uamuzi wa kwanza, na nadhani wa busara kuliko yote, ulikuwa kutojaribu zote 10,000 kwa upofu. Faji zilizosomwa zimepangwa katika makundi kufuatana na ufanano wa jenomu: A, B, K, G na kuendelea. Ndugu wa kundi moja mara nyingi wana tabia moja. Ukijua kundi gani limewahi kuambukiza mykobakteria wengine mbali na M. smegmatis, unajua pa kuanzia, na unaweza kuchukua wawakilishi badala ya ukoo mzima.

Matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa. Faji zote hizi zilikuwa zimevuliwa kwa kutumia M. smegmatis kama chambo, na nyingi hazikumjali M. abscessus hata kidogo. Mgonjwa wa pili alifariki kabla faji ya kumfaa haijapatikana.

Januari 2018 Muddy, yule wa biringanya, akaonekana kuua GD01 vizuri. Jenomu yake ina herufi za DNA takriban 48,000, na ndugu zake waliojulikana wakati ule walikuwa wachache mno. Faji mbili nyingine zikaonyesha dalili za kufaa: ZoeJ, yenye herufi takriban 57,000, na BPs, takriban 42,000. Lakini kila moja ilikuwa na kasoro yake.

Jenomu ilivyosema

Faji zina maisha ya aina mbili. Nyingine zikiingia kwenye bakteria zinafanya jambo moja tu: kuzaliana na kupasua. Muddy ni wa namna hiyo. Nyingine zina hiari. Zinaweza kupasua, au zinaweza kuingiza DNA yao ndani ya DNA ya bakteria na kulala humo, zikirithishwa kizazi hadi kizazi. Faji iliyolala hutengeneza protini iitwayo represa, inayozima jeni zake za kuua. Represa hiyohiyo inamlinda bakteria dhidi ya faji nyingine za ukoo ule. Huo ndio ukungu wa katikati ya doa: bakteria waliopata mpangaji na wakawa salama.

ZoeJ na BPs zote mbili zina represa. Ukimpa mgonjwa faji ya hivyo, sehemu ya bakteria watakufa na sehemu wataibuka wakiwa na kinga. Tena faji zinazolala ndizo zenye sifa ya kubeba mizigo isiyotakiwa. Wasomaji wa pwani yetu wanaijua kipindupindu. Jeni za sumu yake hubebwa na faji aliyejiingiza kwenye jenomu ya bakteria, jambo lililoonyeshwa mwaka 1996. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayechoma faji kwenye mshipa bila kusoma jenomu yake yote na kutafuta integresi (kimeng'enya kinachopachika DNA ya faji kwenye DNA ya bakteria), represa, jeni za sumu na jeni za usugu wa dawa.

Kusoma maana yake nini? Mashine ya kusoma DNA inakupa vipande vingi vifupi, programu inaviunganisha kwa kutazama vinapopishana, unapata uzi mmoja. Hapo kazi bado. Lazima useme jeni inaanzia wapi na inaishia wapi. Programu inapendekeza, lakini mara nyingi kuna sehemu mbili tatu zinazoweza kuwa mwanzo: ATG hapa, GTG kule, pengine TTG. Jenomu za faji zimebanwa kama samaki kwenye kopo, hivyo mara nyingi utakuta herufi nne, ATGA, ambapo TGA ni mwisho wa jeni moja na ATG ni mwanzo wa inayofuata, zimepandana. Mwanafunzi akiona ATGA kwanza anadhani kakosea. Baada ya jenomu ya tatu anaanza kuitafuta.

Kisha kila protini inalinganishwa na zinazojulikana. Katika faji za mykobakteria, jeni nyingi hubaki na maandishi "kazi haijulikani". Kwa mtaalamu wa jenomu hilo ni la kawaida. Kwa daktari anayetaka uhakika kabla ya kuchoma sindano, si la kufurahisha, na sioni ubaya wa kulisema wazi. Lakini zile zinazojulikana zilitosha kuamua. Katika ZoeJ represa ilikuwa jeni ya 45. Katika BPs ilikuwa jeni ya 33. Namba hizi tayari zilikuwa kwenye daftari, zimeandikwa na watu ambao hawakuwa na mgonjwa yeyote akilini.

Uamuzi wa kukata

Wangeweza kumtumia Muddy peke yake. Hawakutaka. Bakteria ni wengi mno mwilini, na ukiwapiga kwa faji moja unampa bahati yule mmoja aliyebadilika ukuta. Faji tatu zisizo ndugu zinafunga njia tatu kwa mpigo.

Njia waliyotumia ilikuwa imebuniwa katika maabara ileile. DNA ya faji inaingizwa kwenye seli za M. smegmatis kwa mshtuko wa umeme, pamoja na kipande cha DNA kilichotengenezwa kikiwa na pande mbili za jeni lakini kati imeondolewa. Seli zile zimeandaliwa ziwe na protini zinazopachika kipande mahali pake. Madoa yanayotokea huwa mchanganyiko, mengi ya faji ya awali na machache yenye iliyokatwa, kwa hiyo unayapima moja moja kwa PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA unachokitafuta, unachukua lenye dalili, unalimwaga tena, unapima tena, hadi upate doa lisilo na faji ya awali ndani yake. Ni subira ileile ya mwanzo.

Kwa ZoeJ jeni ya 45 ikaondolewa. Kwa BPs sehemu ya jeni ya 33 ikakatwa, kisha wakatumia uzao wake uliokuwa umebadilika na kuweza kuambukiza GD01 vizuri zaidi. Madoa ya ukungu yakageuka angavu. Hapa ndipo jicho la mtu wa sahani na jicho la mtu wa kompyuta yanapokutana: kilichofutwa kwenye orodha ya herufi unakiona mezani, doa limekuwa jeusi ukiliweka juu ya kitambaa cheusi.

Tiba na matokeo

Faji zilikuzwa kwa wingi, zikasafishwa ili mabaki ya bakteria yasimdhuru mgonjwa, zikapelekwa London. Juni 2018 zilijaribiwa kwanza kwenye ngozi, kisha zikaanza kuingizwa kwenye mshipa: faji 1,000,000,000 za kila aina kwa dozi, mara mbili kwa siku. Siku mbili za mwanzo mgonjwa alitokwa jasho na kuhisi joto usoni, homa haikuja. Siku ya tisa aliruhusiwa kwenda nyumbani, tiba ikiendelea. Kwa zaidi ya miezi saba iliyoripotiwa, jeraha la kifua lilifunga, hali ya ini ikaboreka na vinundu vya ngozi vikapungua kwa kiasi kikubwa. Bakteria hawakuisha kabisa, na mgonjwa aliendelea kuhitaji faji.

Hii ilikuwa mara ya kwanza faji zilizohaririwa jenomu kutumika kwa binadamu, na mara ya kwanza faji kutumika dhidi ya mykobakteria kwa mgonjwa.

Kilichofanya kazi

Nikiambiwa nichague uamuzi mmoja ulioleta matokeo, nitachagua ule wa 2010, si wa 2018: kumsoma Muddy na kumhifadhi wakati hana faida yoyote. Angeweza kuachwa kama faji nyingine ya kundi lisilo na ndugu, lisilopendeza kwenye makala. Tabia ya kuhifadhi kila faji na kuandika ilikotoka, mwenyeji wake na jenomu yake ndiyo iliyogeuza friza kuwa duka la dawa. Maabara nyingi, na sisemi za mbali, zina vichupa vya faji vyenye maandishi "maji taka 3" na tarehe iliyofutika. Hizo hata zikiwa na kirusi bora kuliko Muddy, hakuna atakayejua.

Pili, kuondoa represa kuliwezekana haraka kwa sababu mipaka ya jeni ilikuwa imeandikwa vizuri. Mwanzo wa jeni ukikosewa kwa herufi mia moja, mkasi unakata mahali pasipo.

Tatu, na hili halisemwi sana, walikuwa na ujasiri wa kukubali faji zenye kasoro na kuzirekebisha. Desturi ya tiba ya faji kwa miaka mingi ilikuwa kutupa yoyote inayolala. Kwa M. abscessus, ambaye faji za kumuua moja kwa moja ni adimu, desturi hiyo ingewaacha na moja tu.

Kilichoshindikana, na kisichothibitika

Chambo kilikuwa kimoja mno. Zaidi ya faji 10,000, na zilizofaa zikahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa kuwa M. smegmatis hafanani vya kutosha na bakteria wa wodini. Anayeanzisha mkusanyiko leo akiwa na mgonjwa wa aina fulani akilini, atafute pia kwa kutumia bakteria waliotoka kwa wagonjwa, ingawa kufanya hivyo kunataka usalama wa maabara wa ngazi ya juu na subira zaidi.

GD01 na GD02 walitoka hospitali moja, spishi moja, na faji ya mmoja haikuwa dawa ya mwingine. Hii inaua ndoto ya chupa moja ya faji kwa kila mgonjwa. Kazi ya baadaye ilionyesha sababu mojawapo: aina za M. abscessus zinazokua kwa sura ya mikunjomikunjo nyingi hupata angalau faji moja ya kuziua, ilhali zile za sura laini karibu zote zinazipuuza. Pia wengi wao tayari wana faji zilizolala ndani yao, pamoja na plasmidi (vipande vya DNA vya ziada vinavyojitegemea), na wapangaji hao huweza kumfungia mlango mgeni. Kwa hiyo siku hizi ukipokea bakteria wa mgonjwa, unasoma jenomu yake pia.

Kuhusu mgonjwa mwenyewe, tuwe waangalifu. Ni mtu mmoja, aliendelea na dawa nyingine, na hakukuwa na wa kulinganisha naye. Waandishi wa ripoti walikiri hivyo. Nimewahi kusikia kisa hiki kikihubiriwa kama uthibitisho kwamba faji zinatibu, hakithibitishi hilo. Kinathibitisha kwamba faji iliyohaririwa inaweza kuingia kwenye damu kwa miezi bila kumdhuru mgonjwa huyu, na kwamba bakteria wa GD01 hawakuonekana kupata usugu dhidi yake.

Na kinga ya mwili? Kijana alikuwa kwenye dawa za kuishusha, na kingamwili dhidi ya faji zilikuwa hafifu. Faji tatu hizohizo, Muddy, ZoeJ na BPs, alipewa baadaye mgonjwa mmoja wa miaka 81 mwenye maambukizi ya mapafu na kinga ya kawaida, ripoti ikatoka 2021. Mwanzoni bakteria walipungua. Kufikia mwezi wa pili damu yake ilikuwa na kingamwili za kutosha kuzizima faji, na bakteria wakarudi. Jenomu zilikuwa zilezile, zimesomwa kwa uangalifu uleule. Katika ripoti ya 2022 ya wagonjwa 20 waliopewa faji kwa mykobakteria wa namna hii, 11 walionyesha nafuu, na usugu wa bakteria dhidi ya faji haukuonekana hata kwa waliopewa faji moja tu.